Albamu Nilizozisikiliza Tangu Vuli

Assalaam alaykum. Waheshimiwa wazee wetu mlioketi mbele, walimu wangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti, nakushukuruni kwa kuja. Nilipoombwa kuzungumza jioni ya leo niliachiwa hiari ya kuchagua mada, na kwa kuwa mimi si mpigaji wa ala yoyote wala si mtunzi wa mashairi, nimeona nisivuke mpaka wangu. Nitazungumzia albamu za taarab ambazo nimekuwa nikizisikiliza tangu mvua za vuli zilipoanza, nikikaa nazo kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila ya kurukaruka.

Nina sababu ya kusisitiza neno hilo, kurukaruka. Nilipokuwa skuli ya msingi, marehemu baba alikuwa na kaseti moja ya taarab aliyoirekodi mwenyewe kutoka redioni, na alikuwa akiipiga kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Siku moja kulikuwa na mpira unatangazwa, nami nikataka kuuhifadhi ili niwasikilizishe wenzangu. Nikaichukua kaseti iliyokuwa karibu, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na dakika arubaini na tano za taarab zikafutika. Baba hakunipiga. Alisema neno moja tu, "Basi", na kwa muda mrefu baada ya hapo redio yetu ilikaa kimya siku za Ijumaa. Kaseti ile ninayo mpaka leo, na nitairudia kabla hatujaondoka.

Siku hizi wengi wetu tunausikia muziki huu vipande vipande. Dereva wa daladala huwa na flashi yenye nyimbo mamia, hazina majina, na wimbo ukikaribia beti la tatu yeye keshahamia mwengine. Silaumu, kwa sababu safari ya Darajani hadi Amani si ndefu kiasi cha kumaliza wimbo wa taarab. Lakini albamu ni kitu cha namna nyengine: kuna mtu alikaa, akasikiliza mengi, akachagua machache, akaamua lipi litangulie na lipi lifuate, na vilevile akaamua lipi liachwe. Msikilizaji anayeruka hawezi kumjua mtu huyo, na mimi msimu huu nimetaka kumjua.

Mwanzo wenyewe haukuwa na albamu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, ambaye kabla ya kujulikana alikuwa akitembeza vyungu kuuza, alisafiri na wenzake mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zilizotokana na safari hiyo ndizo zilizoipeleka sauti ya Kiswahili katika majumba na mikahawa ya pwani nzima. Sahani za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kiasi cha dakika tatu. Mzee wangu mmoja aliyekulia Kikwajuni alinifunza nizisikilize rekodi hizo nikiwa na saa mkononi, nami nikafanya hivyo. Muziki uliokuwa ukikesha sebuleni hadi alfajiri umebanwa ndani ya dakika tatu; ala hazina nafasi ya kujinyoosha, mwimbaji anaingia mapema, na kama kulikuwa na watu wanaoitikia kwa furaha au wanaomtunza kwa fedha, hao hawamo. Kila nilichokisikiliza baada ya hapo nimekipima kwa swali hilohilo: chombo hiki kimebeba nini na kimeacha nini ufukweni?

Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilianza mwaka 2005 mfululizo wa Zanzibara, ukisimamiwa na mtafiti wa Kijerumani Werner Graebner, na juzuu ya kwanza ilitengwa kwa Ikhwani Safaa, chama cha taarab cha Zanzibar, kuadhimisha miaka 100 tangu chama kilipoasisiwa mwaka 1905. Nimeisikiliza juzuu hiyo pengine mara ishirini. Uzuri wake ni kwamba ndani ya muda wa chini ya saa moja na nusu unapita zama kadhaa za chama kimoja, sauti za waimbaji zinabadilika, na sikio linaanza lenyewe kukisia miaka. Nakiri pia kwamba mara ya kwanza niliisikiliza kwa tamaa, nikitumaini kuukuta wimbo wa kaseti ya baba. Haumo.

Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1988, kampuni ya GlobeStyle ya London ilikuwa imetoa mfululizo wa juzuu nne za muziki wa Zanzibar, wakiwemo Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, chama chengine cha taarab cha Zanzibar. Hizo nitazipita haraka, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu wengi wenu mmezikuta majumbani, na wengine waliopiga humo ni wajomba zenu.

Ninapotaka kukaa ni katika albamu ya Culture Musical Club iitwayo Bashraf, iliyotolewa na Dizim ya Ujerumani mwaka 2000, ambayo ndani yake kuna bashrafu, yaani muziki wa ala usioimbwa. Sote tunajua bashrafu inapigwa wakati gani. Hupigwa mwanzo wa shughuli, wageni wakiwa bado wanaingia, wanawake wanatafutana viti, mtoto analilia maji, na fundi mitambo anapiga "halo, halo" kwenye kipaza sauti. Kwa maneno mengine, kazi ngumu kupita zote katika taarab, ile inayodai wapigaji wote waende pamoja kama uzi na sindano, tumeipangia wakati ambao hakuna anayeisikiliza. Mimi mwenyewe nilifika umri wa mtu mzima bila ya kuimaliza hata bashrafu moja.

Albamu hii imenilazimisha. Bashrafu asili yake ni Uturuki, nayo ilitufikia kwa njia ya Misri, na umbo lake la kawaida ni khana nne, yaani sehemu nne, kila khana ikifuatwa na taslimu, yaani kipande kilekile kinachorudi. Nilipoanza kusikiliza nilikuwa nikipotea. Nikadhani muziki unarudia tu. Kisha nikachukua karatasi, nikawa natia alama kila taslimu inaporudi, na siku ya nne au ya tano mambo yakafunguka. Khana ya tatu mara nyingi ndiyo inayopanda juu na kwenda mbali na nyumbani, na taslimu inayofuata, ijapokuwa ni ileile iliyopigwa mwanzo, husikika kama mtu aliyerudi safari akakuta mlango ni uleule lakini yeye amebadilika. Sikujua kwamba marudio yanaweza kubeba habari mpya.

Nakuombeni pia muitegee sikio ganuni. Ina nyuzi zaidi ya sabini, zimefungwa tatu tatu kwa sauti moja, na mpigaji huvaa pete mbili katika vidole vya shahada, kila pete ikiwa imebana kucha ya kupigia. Upande wa kushoto kuna vijiti vidogo vya chuma ambavyo mpigaji huvipandisha na kuvishusha kwa mkono wa kushoto katikati ya muziki, huku wa kulia ukiendelea peke yake, ili kupata zile sauti zilizo kati ya sauti, ambazo makamu, yaani mipangilio ya sauti, kama bayati au sika haziwezi kuishi bila yazo. Kodiani ya kawaida sauti hizo haina, kwa kuwa kila kitufe chake kimekwishaamuliwa kiwandani. Ndiyo maana ukisikiliza kwa makini utaona fidla na ganuni zinapita katika vichochoro, na kodiani inabaki kuzisubiri njia kuu. Harusini huwezi kulisikia hilo. Nyumbani, usiku, feni ikiwa imezimwa, unalisikia.

Hapa niseme neno kuhusu majina. Culture Musical Club walianza mwaka 1958 wakiitwa Shime Kuokoana, jina lenye jasho na mshikamano ndani yake, na chama hichohicho kilipouzwa Ulaya mwaka 1996 albamu yake iliitwa Spices of Zanzibar, na ya mwaka 2003 ikaitwa Waridi, ikisindikizwa na maneno ya Kiingereza yanayozungumzia harufu za Zanzibar. Sijapata kumsikia mtu wa Mwembetanga akisema leo usiku anakwenda kusikiliza viungo. Naelewa kwamba muuzaji lazima auze, na naelewa kwamba bila ya makampuni hayo ya London, Frankfurt na Paris pengine tusingekuwa na rekodi hata nusu ya hizi, lakini karafuu ina soko lake na mashairi yana lake. Niliposikia kwamba albamu yao ya mwaka 2009 imeitwa Shime! nilifurahi kama niliyemwona jirani amerudi kwenye jina alilopewa na wazee wake.

Albamu niliyoipenda kuliko zote msimu huu, hata hivyo, si ya ukumbini. Ni ya Makame Faki na kundi lake la Kidumbak Kalesa, ilitoka mwaka 1997, na jina lake ni Ng'ambo. Wageni wetu wajue kwamba Ng'ambo ni upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya mashariki. Maji yalifukiwa zamani, jina likabaki. Kidumbak ni ndugu wa taarab aliyekulia uani. Ala zake ni fidla, vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo za udongo, cherewa za kutikiswa, mkwasa wa vijiti vya kugonganishwa, na sanduku, ambalo ni sanduku la chai hasa, limepinduliwa, likatobolewa, likapitishwa uzi mmoja unaofungwa kwenye ufito. Mpigaji huuvuta ufito akaukaza uzi ili sauti ipande, akaulegeza ishuke, na hakuna alama yoyote ya kumwonyesha wapi pa kusimama isipokuwa sikio lake.

Makame Faki watu walimpa jina la Sauti ya Zege, na mwenye kumsikia hahitaji kuelezwa. Si sauti laini. Inakwaruza, inaingia kama mtu anayeusukuma mlango kwa bega, na fidla inamfuata nyuma ikimcheka. Katika harusi mwimbaji wa kidumbak huunganisha wimbo huu na ule bila ya kusita, akiokota kibwagizo cha taarab iliyozoeleka na kukitia mbio, ili wanaocheza wasipewe nafasi ya kukaa. Nilipoisikiliza kwa spika za masikioni ilinichosha. Nikaamua kuipeleka barazani, nikaiweka simu ndani ya bakuli la udongo ili sauti ikue, nikawaachia wazee wa kahawa. Dakika ya tatu mmoja wao, ambaye huwa hazungumzi mpaka kikombe cha pili, aliuliza, "Nani huyo kwenye sanduku?" Hakuuliza ni nani anayeimba.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyetutoka tarehe 17 Aprili 2013, sitamwelezea kwa urefu, kwa kuwa kila aliyemo humu ana kisa chake kumhusu. Nitasema tu kwamba nimerudi kwenye albamu yake iitwayo Zanzibar, nami nimeona kuwa rekodi nzuri haimtoshi. Mtu aliyejifunga ngoma ya msondo kiunoni na kuipiga huku akiimba alikuwa nusu yake ni kile kilichoonekana kwa macho.

Katika mpya, nimezisikiliza mbili kwa upendo. Rajab Suleiman, mpiga ganuni, na kundi lake la Kithara walitoa Chungu mwaka 2013, na ganuni humo haikai tena nyuma ya fidla kama bibi harusi, bali inaongoza. Ya pili ni Fusing the Roots ya Siti & The Band, ya mwaka 2018, ambapo Siti Amina anaimba na kupiga udi kati ya besi na ngoma za kisasa. Wazee wengine wameniambia kwamba hiyo si taarab. Nami sitaki kugombana kuhusu jina, ila nitasema kwamba pale udi unapobaki peke yake nasikia mtu aliyefunzwa, na pale ngoma za kisasa zinapojaza kila mwanya natamani fundi mitambo angewaachia pumzi.

Sasa kaseti. Mwezi uliopita rafiki yangu mwenye mtambo wa zamani aliisafisha kwa pamba na spiriti, tukaipiga yote. Mpira ule ulimalizika kabla ya upande wa kaseti kumalizika, na inaonekana nilikizima kitufe nikakimbilia nje kushangilia, kwa hiyo zimesalia sekunde arubaini hivi ambazo sikuzifuta. Nimekuja nazo. Nakuombeni mzime simu, na nyinyi wazee wa Malindi na Vuga mliopanda majukwaa ya miaka ile msogee karibu na spika, kwa sababu utamsikia kwanza mtangazaji akikatwa katikati ya neno, halafu kiitikio cha mwisho, halafu makofi, na ndani ya makofi mwanamke mmoja anaita jina la mwimbaji mara mbili. Nimelisikiliza jina hilo kila usiku na silipati. Fundi, tafadhali.