Kinyozi Hajinyoi: Kujijua na Kuiishi Imani

(Mhadhara kwa vijana wa vyuo, kongamano la Pasaka)

Bwana asifiwe.

Barua yenu iliniomba nizungumzie kujitambua na kuiishi imani ya Kikristo. Nilipoisoma nilicheka kidogo, maana hili la kujitambua siku hizi lina soko. Zinapita semina makanisani ambazo unapewa karatasi ya maswali, unajaza, na mwisho unaambiwa aina ya tabia yako, wewe ni sangwini (mchangamfu) au melankoli (mtu wa huzuni na mawazo), na kwamba ndiyo maana hamuelewani na mwenzako wa chumbani. Sina ugomvi na karatasi hizo. Ila anayejaza ni wewe, anayesahihisha ni wewe, na sijawahi kumwona aliyejaza akatoka ameandikiwa kwamba ni mchoyo.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Yeremia naye anasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, kisha anauliza ni nani awezaye kuujua. Mtazameni Daudi. Huyu ni mtunga zaburi, mtu aliyezoea kumwomba Mungu amchunguze moyo. Amemchukua mke wa Uria, askari wake, amemuua Uria kwa upanga wa Waamoni, miezi imepita na mtoto amezaliwa. Kitabu cha Samweli hakituambii kwamba siku hizo Daudi alikosa usingizi. Nabii Nathani anakuja na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake, na Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu ya kifo hapo hapo. Dhamiri yake ilikuwa nzima kabisa, tena kali. Ilikuwa inatazama nje tu. Ilibidi aingie mtu mwingine amwambie: mtu huyo ni wewe.

Njia hiyo ya kujijua, ya kuambiwa na mtu mwingine, ndiyo ninayotaka tuizungumzie. Mfano upo hapa hapa kwetu. Wengi wenu bibi zenu walilelewa katika Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba lililoanzia Rwanda na Uganda, na ninyi mmebaki na salamu zake bila kujua zilitoka wapi.

Septemba 1929, kilima cha Namirembe, Kampala. Daktari Mwingereza, Joe Church, amekuja kutoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni. Njaa kubwa imeipiga Rwanda, watu wamekufa mikononi mwake, na imani yake mwenyewe imekauka. Anakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa mtu wa kazi za afya serikalini. Wanakaa pamoja siku mbili, Biblia mbele yao, wakitafuta maana ya kujazwa na Roho. Hebu fikirini nani amekaa na nani. Uganda ipo chini ya Mwingereza, na msomi wa Cambridge amekaa na Mwafrika bila kuwepo mwalimu wala mwanafunzi, wote wawili wakiwa wahitaji. Wanahistoria wengi wa uamsho huanzia hapo, na nadhani wana haki.

Kisa cha pili ndicho ninachokipenda zaidi. Hospitalini Gahini alikuwepo Yosiya Kinuka, kiongozi wa watumishi wenyeji. Mambo pale hayakuwa mazuri, watu wananung'unika, na yeye mwenyewe alitaka kuondoka. Akaenda Kampala, akamwona Nsibambi. Nsibambi akamuuliza habari za Gahini, na Kinuka akafungua mzigo wote: hiki hakifai, yule hivi, Wazungu vile. Nsibambi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwamba chanzo cha matatizo hayo ni dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka. Mimi ningekasirika. Ninyi mngeandika malalamiko kwenye kundi la WhatsApp. Kinuka aliondoka na neno hilo, likamfanyia kazi njiani, na aliyefika Gahini akawa mtu mwingine. Baadaye akawa mmoja wa viongozi wakubwa wa uamsho wote.

Moto ule ulitambaa: Kabale 1935, Kabete kule Kenya 1937, na kwetu upande wa Bukoba kabla ya miaka ya thelathini kwisha. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wetu Bukoba na Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, alitoka katika uamsho huo. Popote ulipofika, desturi ilikuwa ile ile. Ndugu na akina dada wanakutana kila wiki, wanaimba, wanasoma Neno, kisha kila mwenye jambo analiweka nuruni, yaani analiungama mbele ya wote. Na hawakuishia kwenye maneno. Kama Zakayo, watu walirudisha vitu: blanketi za hospitali, mifugo, fedha. Wengine walikwenda wenyewe kulipa kodi waliyoikwepa, na sidhani karani wa serikali alikuwa na daftari la jambo kama hilo.

Nimekulia Kagera, na mkutano huo wa kila wiki, tulioita ushirika, ukikaa sebuleni kwetu. Watoto tuliambiwa tutoke, na watoto mnatujua, tulisikiliza dirishani. Wale wazee hawakusimulia habari za siku waliyookoka. Hizo kila mtu alikuwa anazijua. Walisema habari za wiki ile. Mama mmoja: nimemjibu mkamwana wangu vibaya Jumanne, na nimemnunia mpaka leo asubuhi. Mwingine: kibaba ninachopimia maharage kimebonyea chini, nimejua, nikaendelea kupima. Na mzee mmoja, mtu wa heshima, ana shamba na mizani yake, akasema amenunua kahawa ya mjane kwa butura. Ninyi mliotoka mjini niwaeleze: butura ni kununua kahawa ya mtu ingali mtini, wakati mwingine ikiwa maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mwenye shamba ana shida leo na hawezi kungoja mavuno. Mzee alisema alijua kabisa kwamba mama yule alikuwa anatafuta karo.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha. Hakuna aliyesema "Mungu akubariki kwa ukweli wako." Ndugu mmoja alimuuliza bei ya chama cha wakulima msimu ule ilikuwa kiasi gani. Wakapiga hesabu palepale, na mzee akaambiwa kiasi anachotakiwa kumpelekea mjane. Kama mnataka kujua kujitambua kwa Kikristo kunafananaje, mimi nilikuona kukiwa na hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Sasa linganisheni na ushuhuda tunaousikia Jumapili hizi. Mtu anasimama, anatusimulia alivyokuwa mlevi miaka ishirini iliyopita, na anasimulia vizuri kwa sababu amesimulia mara nyingi. Anajua mahali pa kunyamaza, anajua mahali pa kulia. Kisha anatufikisha kwenye kiwanja na gari. Sisemi anadanganya. Ila ushuhuda wa namna hiyo hauhitaji ujasiri wowote, na hauwezi kumfundisha msemaji jambo jipya juu yake. Dhambi anayoitaja ni ya mtu ambaye hayupo tena. Wa leo, aliyeshika kipaza sauti, amejificha nyuma ya yule wa zamani.

Inasimuliwa habari za Festo Kivengere, aliyekuwa askofu wa Kigezi na mhubiri aliyesikilizwa dunia nzima, kwamba siku moja aligombana na mkewe Mera, naye alikuwa anasubiriwa kuhubiri. Akachukua Biblia, akaelekea mlangoni. Akasikia moyoni Roho akimwambia: wewe nenda kahubiri, mimi nabaki jikoni na mke wako. Akarudi jikoni. Nimeisikia hadithi hii ikisimuliwa ili watu wacheke, na inachekesha. Lakini hebu waulizeni wachungaji wenu wangapi wamewahi kuchelewa ibada kwa sababu ya jambo la jikoni.

Hapa lazima niseme upande wa pili, maana nawajua vijana, mkisifiwa wazee sana mnasinzia.

Ushirika ulikuwa na maradhi yake. Kuvunjika, yaani kunyenyekea na kukubali kosa, waliyokuwa wakiisema sana, iligeuka kuwa cheo. Walikuwepo waliotubu dhambi za jirani huku wakijifanya wanatubu zao: "Nimemkasirikia dada fulani kwa sababu ya tabia yake ile," na tabia inaelezwa mpaka kila mtu ameielewa. Akina mama walikaguliwa nywele na shanga kwa ukali ambao wanaume hawakukaguliwa mikataba yao ya mashamba. Baadaye wengine waligawanyika kwa habari za mikopo ya benki na mavazi, na kila upande ukauona mwingine umelala.

Jeraha kubwa ni Rwanda yenyewe. Gahini ipo Rwanda. Kati ya Aprili na Julai 1994, katika nchi ambayo wengi sana walikuwa wamebatizwa, Wakristo waliwaua Wakristo, na Nyamata na Ntarama watu waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia. Nakataa maelezo mepesi hapa. Zipo habari za waumini waliokataa kushika panga, wakawaficha majirani, wakafa nao. Uamsho ule uliwaketisha pamoja Mhutu na Mtutsi wakiitana ndugu, na hilo lilikuwa kweli. Hata hivyo swali haliniachi: inawezekanaje watu wakafundishwa vizazi viwili kuungama hasira na wivu na blanketi la kuiba, halafu chuki kubwa kuliko zote isipate mtu wa kuileta nuruni?

Jibu langu ni hili, nanyi mnaweza kulikataa. Ushirika unaweza kuona kile tu ambacho wanachama wake hawakifanyi wote kwa pamoja. Kosa la mtu mmoja linaonekana upesi. Kosa ambalo chumba kizima kinalo halionekani, kwa sababu hakuna aliye nje yake wa kulisema. Wazee wa sebuleni kwetu waliiona butura ya mzee mmoja kwa sababu wengine walikuwa wauzaji wa kahawa, siyo wanunuzi. Wangekuwa wanunuzi watupu, wangeita biashara.

Rudini Namirembe. Nguvu ya pale, kwa jinsi ninavyoielewa, ni kwamba Church na Nsibambi hawakufanana. Palikuwa na mambo ambayo Mzungu hawezi kuambiwa na Mzungu mwenzake. Wamisionari kadhaa waliokuja kutubu mbele ya Waafrika, wakataja kiburi cha rangi kwa jina lake, hawakulipata wazo hilo klabuni kwao. Nathani naye hakuwa mla mshahara wa jeshi kama Yoabu, jemadari wa Daudi, aliyejua kila kitu kuhusu Uria na akanyamaza.

Watu waliozoea kuambiwa ukweli walipata pia kitu cha kusimamia siku mbaya. Kenya, wakati wa hali ya hatari kuanzia 1952, ndugu wengi wa uamsho Uagikuyuni walikataa kiapo cha Mau Mau. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu, hawanywi nyingine. Mara nyingi watu huishia hapo, ikawa kama hadithi ya kuisifu serikali. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali hiyo. Waliuawa baadhi yao, na hawakuwa na upande wa kuwalinda. Na Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mtoto wa uamsho, aliuawa tarehe 16 Februari 1977, serikali ya Idi Amin ikasema ni ajali ya gari. Kivengere na Mera wakatoroka kwa miguu usiku, wakapita milimani mpaka Rwanda. Baadaye Kivengere alieleza kwamba akiwa kanisani London aligundua ni chuki yake kwa Amin iliyokuwa inamkausha. Kitabu alichokitoa mwaka huo huo kilikuwa na jina lililowaudhi wakimbizi wengi: Nampenda Idi Amin. Nawaelewa walioudhika. Mtu aliyefiwa hapaswi kuharakishwa na askofu. Lakini Kivengere alikuwa anasema habari za moyo wake mwenyewe, za mwaka ule ule, kwa namna ile ile ya sebuleni.

Kwa hiyo ninapoulizwa kijana afanye nini ili ajijue, sitoi karatasi ya kujaza. Nauliza: ni nani mwenye ruhusa ya kukuambia? Mtaje. Halafu nauliza anafanana nawe kiasi gani. Kama ni wa umri wako, kabila lako, chama chako na kozi yako, umejitafutia mwangwi. Tafuta mmoja ambaye ukimkosea ataumia yeye: mdogo wako, mpishi wa hosteli, mtu anayekudai.

Muda unaniishia, na kuna swali nimeletewa mapema kwenye karatasi, halina jina. Linauliza: mtu akileta nuruni kwamba amemdhuru mtoto, ushirika ufanye nini? Ushirika hauna mamlaka ya kulimaliza jambo hilo kwa maombi na machozi, na usimwambie mtoto wala mama yake asamehe ili mambo yaishe. Mtoto apelekwe mahali salama kwanza, siku hiyo hiyo. Hospitali, polisi, dawati la jinsia na watoto. Aliyetubu asindikizwe kituoni, na kama toba yake ni ya kweli hatauliza kwa nini. Mkiambiwa na mzee yeyote wa kanisa kwamba kufanya hivyo ni kulichafua jina la Bwana, mwambieni kitabu cha Samweli kimeyaandika ya Daudi yote, na majina.

Karibuni maswali mengine.