Aliyetia Maneno Naye Ni Mtunzi: Mhadhara Kuhusu "Aie a Mwana"

Karibuni nyote, wanafunzi, wanamuziki, na ninyi maprodyuza niliowaomba mje leo. Walionisikia zamani wanajua nitakachosema, maana kila nikipewa kipaza sauti nalisema lilelile: anayetia maneno kwenye wimbo ni mtunzi, na mtunzi anaandikwa jina. Leo nitalisema kwa wimbo mmoja tu.

Bananarama mnawajua, wale kinamama watatu wa muziki wa pop wa Uingereza. "Venus" yao ilishika namba moja Marekani mwaka 1986, na Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wamewatambua kama kundi la wanawake lililoingiza nyimbo nyingi kuliko yote katika chati za Uingereza. Sasa niambieni, santuri yao ya kwanza kabisa, ya Septemba 1981, iliimbwa kwa lugha gani? Kiswahili! Inaitwa "Aie a Mwana". Miaka yote hii tunagombania "Malaika" peke yake, na hii imelala hapo hakuna anayeigusa.

Wawili kati yao, Sara Dallin na Keren Woodward, walijuana tangu utotoni, Bristol. Wa tatu, Siobhan Fahey, alikutana na Sara chuoni London. Wakawa wanaishi Denmark Street, juu ya chumba ambacho Sex Pistols, bendi ya punk, walikuwa wakifanyia mazoezi, na Paul Cook, mpiga ngoma wa bendi hiyo iliyokwisha kuvunjika, ndiye aliyewasaidia kurekodi. Kiswahili hawakukijua. Walikariri silabi kwa sikio, kutoka kwenye santuri ya watu wengine.

Hapa nataka mtulie kidogo, kwa sababu watu huipita haraka kazi hii. Kiingereza hakina kawaida ya kuanza neno kwa "mw". Ulimi wa Mwingereza ukifika kwenye "mwana" unatafuta irabu ya kuegemea, unataka kusema "muwana". Na hawa hawakuimba kwa kugawana sauti, huyu ya kwanza, yule ya pili. Bananarama wanaimba wote sauti moja. Ukiimba hivyo, midomo mitatu lazima ifunguke pamoja na kufungwa pamoja, mmoja akitangulia nusu silabi kila mtu anasikia. Basi wakalifanya hilo kwa maneno wasiyoyaelewa! Nawaheshimu kwa hilo, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimewatukana wale kinamama.

Demo, yaani rekodi ya majaribio, ikasikika kampuni ya santuri ya Demon Records, wakapewa mkataba, kisha kampuni ya Decca wakawachukua. Chati za Uingereza: namba 92. Najua mnachowaza, namba 92 ni kitu gani? Ni mlango. Terry Hall, mwimbaji aliyetoka bendi ya The Specials, aliwasoma kwenye jarida la The Face akawaita waimbe na kundi lake jipya, Fun Boy Three, na mwaka 1982 wakafika namba 4. Wimbo uliowafungulia njia ni huo wa Kiswahili.

Sasa, walikariri kutoka kwa nani? Black Blood, kundi la Waafrika lililorekodi Ubelgiji, 1975. Nani hapa ananitajia mwimbaji mmoja tu wa Black Blood? Mmoja. Naona kimya, na ukumbi huu umejaa watu wa muziki. Hao ndio waliokuwa walimu wa matamshi wa Bananarama, na hata shukrani ya mdomo hatuwapi.

Turudi nyuma tena. Mwaka 1971 Mfaransa Daniel Vangarde (baba yake Thomas Bangalter wa Daft Punk, wale wa muziki wa kielektroniki) na Mbelgiji Jean Kluger walitoa albamu ya mradi wao ulioitwa Yamasuki, yenye kwaya ya watoto na mambo ya Kijapani. Ndani yake kuna wimbo ambao jina lake ni irabu tupu: "Aieaoa". Muziki ni huohuo. Kiswahili hakimo. Mwaka 1975 Kiswahili kimo. Mwaka 1981 kimo. Na watunzi wanaotajwa ni walewale wawili, Vangarde na Kluger, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuna atakayesema, "Mwalimu, muziki ni wa Wazungu, sisi tunadai nini?" Muziki ni wao, sijabisha na sitabisha. Nasema wimbo uliovalishwa lugha mpya umeongezewa kitu, na kitu hicho kina mwenyewe. Redio ikiupiga, mirabaha ya utunzi hufuata jina lililoandikwa, haiendi kumtafuta mtu mtaani. Jina halipo, hela haipo. Mwingine atasema maneno yenyewe ni machache. Basi yatoeni tuone kama kuna wimbo uliobaki wa kuitwa "Aie a Mwana"!

Mwaka huohuo wa 1981 Boney M., kundi la disko la Ujerumani, walitoa "Malaika". Fadhili William na Adam Salim, nani mwenyewe? Mnajua ugomvi ule, siuingii. Nilitaka pia niwalinganishie na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ambayo Teddy Kalanda Harrison anatajwa vizuri, lakini naonyeshwa saa. Na "Helele" ya Velile, mwimbaji wa Afrika Kusini, na Safri Duo, wapiga ngoma wa Denmark, ile ya msimu wa Kombe la Dunia 2010, sikilizeni wenyewe: ni "Aieaoa" tena.

Kwa hiyo ninyi vijana: prodyuza akikupigia simu kutoka Paris au Berlin, au hapa hapa mtaani, akasema "nitilie mistari miwili ya Kiswahili hapa", kalamu kwanza. Jina, asilimia, sahihi zote mbili, kabla faili halijatoka studio. Akisema tutaongea baadaye, mwambie na mistari utamtumia baadaye.

Haya, maswali. Naona maprodyuza mmeshainua mikono, anzeni ninyi.