Samaki Aliyetengewa Maji

SALIM: Tuko hewani. Bi Zuhura, mbona umenuna?

ZUHURA: Mfereji haujatoa tone tangu juzi, na mwenye mkokoteni kanipandishia bei ya mtungi. Halafu waniita nizungumzie samaki wa California!

SALIM: Hapo ndipo penyewe. Maji yako yatoka wapi?

ZUHURA: Mengine yatoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo.

SALIM: Kwa viboko na mamba! Basi California wagombania hayo hayo, ila mnywaji mkubwa kule ni shamba: lozi, mpunga, nyanya. Mwaka 1992 Bunge la Marekani likapitisha sheria: katika mradi wa maji wa Bonde la Kati, eka-futi 800,000 kila mwaka zitengewe samaki na wanyamapori.

ZUHURA: Eka-futi ndiyo nini?

SALIM: Chukua shamba la eka moja, lijaze maji yakufike katikati ya muundi. Hiyo moja. Zote 800,000 zakaribia mita za ujazo bilioni moja.

ZUHURA: Lo! Na wakulima wakanyamaza?

SALIM: Wapi! Kesi juu ya kesi. Kuna kasamaki kaitwako delta smelt, urefu wa kidole tu, kanalindwa tangu 1993. Pampu zinazopeleka maji kusini zikianza kukanyonya, huamriwa zipunguze. Mkulima akiona mlozi wakauka, amtukana nani? Kidagaa.

ZUHURA: Simlaumu. Mlozi si mchicha, useme mwaka huu sipandi.

SALIM: Na mvuvi je? Mwaka 2023 uvuvi wa kibiashara wa samoni ulifungwa pwani nzima ya California, 2024 ukafungwa tena. Watu husema ni samaki na wakulima, kumbe nyuma ya samaki kuna wenye mashua, wana watoto wa kulisha.

ZUHURA: Ngoja kwanza. Maji wametengewa tangu 1992, samoni wamepotelea wapi?

SALIM: Sheria ilitaka waongezeke maradufu kufikia 2002. Haikuwa. Yai la samoni halitaki wingi wa maji tu, lataka baridi. Mtoni, chini ya bwawa la Shasta kaskazini mwa California, maji yakipita nyuzi 13 hivi za Selsiasi, mayai huanza kufa. Ukame wa 2014 na 2015 bwawa lilishuka, maji baridi yakaisha, na karibu mayai yote ya samoni wa kipupwe, wale wapandao mto majira ya baridi, yakaharibika.

ZUHURA: Yaani waliandikiwa maji, wakaletewa uji.

SALIM: Hasa! Sheria yetu ya Maji hapa Kenya, ya 2016, nayo inayo “hifadhi”, maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya kulinda viumbe wa majini.

ZUHURA: Neno zuri. Lakini mto Tana ukipungua, bahari yapanda mtoni, chumvi yaingia kwenye mpunga wa watu. Mimi nataka tarakimu. Viboko wa Mzima wangekuwa na wakili, wangedai mitungi mingapi?

SALIM: Mingi kuliko yako.

ZUHURA: Yangu miwili tu, na nimeilipia.