Baada ya Shingo Kufungwa Vyuma

Makocha wa raga na mieleka, na ninyi wazazi mlioshinda foleni ya Mwenge mkafika, karibuni. Leo ni shingo tu, magoti yatasubiri.

Ndugu wa wagonjwa huniuliza hivi koridoni: "Daktari, si mmeshamfunga vyuma? Mbona mikono haishiki?" Wana haki ya kuuliza.

Shingo ina pingili 7, na katikati yake unapita mshipa mkuu wa fahamu. Mchezaji akiingia kukaba kichwa kimeinama kidogo, mpindo wa shingo unanyooka. Utosi ukigonga mwili wa mwenzake, kishindo chote kinaishia kwenye pingili. Zinavunjika au zinateguka, mshipa unabanwa. Marekani walipiga marufuku kugonga kwa utosi mwaka 1976 katika mpira wao wa Kimarekani, ule wa kukabana kama raga, na waliopooza mikono na miguu wakapungua sana.

Sisi wapasuaji tunaondoa kinachobana, kisha tunaifunga shingo isicheze. Mara nyingi tunapita mbele, kando ya koromeo: tunatoa diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, tunapachika kipande cha mfupa wa nyonga, tunakaza bamba na skrubu. Siku za mwanzo atameza kwa shida na sauti itakwaruza, msishtuke. Ila mshipa uliopondeka hatuushoni. Tunaupa nafasi tu, na ni vizuri ipatikane ndani ya saa 24. Kwa hiyo anayeanguka uwanjani msimkunje kwenye bajaji kumkimbiza Muhimbili. Mmoja amshike kichwa kwa mikono miwili, kisisogee hata kidogo, hadi machela ifike.

Kazi kubwa iko nyumbani. Kuna kijana vidole vimekufa ganzi na havikunji, lakini kifundo cha mkono kinainuka. Akiinua kiganja, vidole vinajikunja vyenyewe, na kwa ujanja huo anashika kikombe. Halafu mama, kwa mapenzi, kila asubuhi anamnyoosha vidole huku kiganja kimeinuliwa. Kano zinalegea, kikombe hakishikiki tena. Mama mzazi, muulize kwanza mtu wa mazoezi tiba!

Mgeuzeni kila saa 2 kitandani, vidonda visimpate. Na akilalamika ghafla kichwa kinapasuka, uso umelowa jasho, mkalisheni wima haraka na mkague mpira wa mkojo, huenda umejikunja. Mkojo ukijaa ndani, presha hupanda ghafla hivyo, nayo inaua. Msingoje asubuhi.

Kurudi uwanjani? Makocha hunitajia Peyton Manning, mchezaji wa mpira huo wa Kimarekani: aliunganishwa pingili za shingo 2011, akakosa msimu mzima, akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi yao, 2016. Ni kweli, lakini tatizo lake lilikuwa diski, hakuwa amepooza. Aliyeunganishwa sehemu moja, mfupa umeshika kwenye picha, hana maumivu wala ganzi na shingo inageuka vizuri, tunaweza kuzungumza. Sehemu mbili, nitasita sana. Tatu, jezi yake mpeni mwingine, hata fainali ikiwa kesho.