Weka Simu Karibu na Chuma

BARAKA: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Niko na dada Zuhura, na leo nataka aongee yeye zaidi. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti, sekunde 20 za mafuta yanayochemka, bila neno hata moja. Ikabidi nimpigie.

ZUHURA: Asante, kaka Baraka. Ile sauti ilikuwa ya kwenda kwa mama, ikakufikia wewe kwa bahati mbaya.

BARAKA: Mama anaifanyia nini sauti ya mafuta?

ZUHURA: Ananifundishia vitumbua. Yeye yuko Temeke, mimi niko Bunju, na foleni ya hapo katikati unaijua. Vidole vyake vimekaza siku hizi, mbuzi ya nazi haikalii tena. Nikamwambia, mama, nipe hiyo kazi niibebe mimi.

BARAKA: Lakini si umekulia kwenye vitumbua?

ZUHURA: Nimekulia kwenye kuvila. Mama alikuwa anaamka saa kumi usiku, mpaka adhana ya alfajiri inasikika chuma kimeshapata moto. Mimi nikiamka napewa sahani zilizofunikwa, nizungushe kwa majirani kabla ya shule. Kwa hiyo utamu naujua, kazi siijui.

BARAKA: Ukaanzaje sasa?

ZUHURA: Nusu kilo ya mchele wa chenga, nikauloweka usiku kucha. Asubuhi nikausaga kwenye blenda pamoja na iliki na tui zito. Namuuliza mama, tui kiasi gani? "Kadiri." Hamira? "Kidogo tu, utaona mwenyewe." Kaka, niliumia. Nilihisi ananificha kitu chake.

BARAKA: Wazazi wetu wote wanapima hivyohivyo.

ZUHURA: Mara ya kwanza tui lilikuwa la moto, nikalimimina hivyohivyo juu ya hamira. Saa mbili nzima rojo limelala, halina hata povu. Nikampigia nikiwa karibu kulia. Hakuniuliza vipimo, aliniuliza, "Tui ulilichovya kidole?" Hamira ni kitu hai, ukiiunguza imekufa. Kipimo chake ni hiki: chovya kidole, ukiweza kuhesabu mpaka kumi bila kukitoa, mimina.

BARAKA: Hicho kimeniingia. Na joto la Dar je?

ZUHURA: Ndipo hasira zangu zilipoisha! Januari rojo linaumuka upesi, ukilisahau kidogo tu limechacha. Julai unalifunika kwa kanga, unaliweka pembeni, unasubiri. Sasa mama angeniambia saa ngapi, ya mwezi gani? Hakuwa ananificha. Lile jibu la namba nililolitaka halipo.

BARAKA: Tufike kwenye simu.

ZUHURA: Chuma kiko jikoni, mashimo saba, nimetia mafuta kila shimo. Akasema, "Weka simu karibu na chuma." Nikaiweka. Kimya. Kisha, "Bado hayo." Nikangoja. "Tia tone moja la rojo." Nikatia, likalia. "Haya, mimina, usijaze." Anasikiliza tu, Baraka, yuko kitandani kwake Temeke! Kitumbua kikishaanza kushika pembeni mlio unapungua, na hapo ndipo ananiambia nigeuze. Yeye alikuwa anageuza kwa spoki ya baiskeli ya marehemu baba, ncha ameipinda kidogo. Imekuwa nyeusi tii. Ile spoki sasa ninayo mimi.

BARAKA: Mimi baba yangu ni mtu wa Kyela. Alinifundisha kuchambua mchele, tunakaa kibarazani na ungo mmoja katikati. Mambo mengi ya ukoo niliyasikia pale. Mezani hakuwa msemaji, ila mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye ungo, anaongea.

ZUHURA: Hapo umenigusa. Kwa sababu rojo likiwa linaumuka hatukati simu. Wiki ya tatu hivi, tunasubiri, mama akasema, "Mwaka ule baba yako alipoachishwa kazi ndipo nilinunua hicho chuma, Kariakoo, kwa hela ya kuazima." Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nikamwambia, lakini mama, sisi tulikuwa tunagawa. Zile sahani nilizokuwa napeleka? Akasema, "Walikuwa wananilipa mwisho wa wiki, naandika kwenye daftari. Ndiyo iliyokununulia sare na viatu."

BARAKA: Hukujua?

ZUHURA: Nilidhani ni ujirani. Nilikuwa najivuna njiani, najiona mtoto wa nyumba inayogawa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Ungebeba sahani umeinamisha kichwa." Nikashindwa kuongea. Yeye ndiye aliyenikumbusha nifunue rojo, limefika juu.

BARAKA: ...Pole, dada. Na asante.

ZUHURA: Nimeshapoa. Jumapili nilimpelekea vya kwanza vilivyokubali. Alikipasua kimoja katikati, akakisogeza dirishani kwenye mwanga, akatazama vile vitundu vya ndani kwa muda mrefu. Akasema iliki nipunguze.

BARAKA: Umepunguza?

ZUHURA: Nitajua kesho. Amenipigia kabla sijaingia hapa studio. Hakusalimia hata, kaanza na, "Umeloweka?"

BARAKA: Na umeloweka?

ZUHURA: Tangu saa kumi na moja jioni.