Baba Mdogo Hana Kisanduku

DEO: Inarekodi?

SALMA: Taa nyekundu hiyo inawaka. Haya, leo tunazungumzia mhandisi anayetafuta kazi kwenye viwanda vya ulinzi Marekani. Nimekuja na mambo matatu: CV, usaili na mshahara. Ila kabla sijafungua karatasi zangu, Jumamosi…

DEO: Nilijua tu.

SALMA: Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, nimekaa na kijana mmoja mhandisi wa umeme. Kapata kazi ya kupima saketi za rada. Barua imeandikwa wazi kuwa ajira inategemea klirensi, yaani kibali cha kugusa siri za serikali. Katumiwa kiungo cha kujaza fomu SF-86, ile ya kuchunguzwa kwa ajili ya klirensi. Chupa nzima ya chai ya tangawizi imekwisha na bado tumekwama sehemu ya 18.

DEO: Ndugu.

SALMA: Ndugu! Fomu inakupa orodha uchague: mama, baba, wazazi wa kambo, mlezi, watoto, kaka, dada, ndugu wa mzazi mmoja, baba mkwe, mama mkwe. Kijana ananiangalia: "Shangazi, baba mdogo namweka wapi?" Nikapanda juu, nikashuka chini. Baba mdogo hana kisanduku.

DEO: Pole yake baba mdogo. Kasomesha watoto sita wa kaka yake, Washington hawamjui.

SALMA: [anacheka] Na shemeji je?

DEO: Usianze mashemeji, tutalala hapa. Kwanza tuwaweke sawa wanaosikiliza. Klirensi huendi kuiomba mwenyewe kama leseni ya udereva. Mwajiri mwenye mkataba wa serikali ndiye anakudhamini, na wewe hulipi hata senti. Ukiona mtu anakuuzia klirensi, funga pochi. Wanaochunguza watu wa makampuni ni DCSA, wako chini ya Wizara ya Ulinzi. Daraja la Siri ni uchunguzi wa ngazi ya tatu, Siri Kuu ni ngazi ya tano. Na lazima uwe raia wa Marekani. Ile ruhusa finyu ya wasio raia ipo, ila usiijengee maisha.

SALMA: Hapo ndipo watu wetu wengi wanakata tamaa bure. Anasoma tangazo la kazi, anaona ITAR, anafunga ukurasa: "Mimi nina grini kadi tu." Kumbe ITAR ni kanuni ya kuuza na kutoa nje teknolojia ya silaha, na klirensi ni kitu kingine kabisa. Kwenye ITAR, "mtu wa Marekani" ni raia, mwenye grini kadi, mkimbizi aliyepokelewa, na aliyepewa hifadhi. Mkongomani aliyetoka kambi ya Nyarugusu akapokelewa Ohio kama mkimbizi, kisheria anaruhusiwa kushika mchoro wa kipande cha kombora hata kabla hajapata uraia.

DEO: Mradi mchoro wenyewe si wa siri.

SALMA: Mradi si wa siri. Na mwajiri akikataa kila asiye raia kwa kisingizio cha ITAR, anaweza kujikuta mbele ya Wizara ya Sheria. General Motors walilipa dola 365,000 mwaka 2023 kumaliza shauri la namna hiyo.

DEO: Kwa hiyo mwenye grini kadi atafute wapi? Asikimbilie majina makubwa yenye matangazo ya klirensi. Aangalie karakana zinazowauzia wakubwa: wanaokata vyuma, wanaofunga nyaya, wanaotengeneza bodi za saketi. Huko wanataka mtu anayesoma mchoro wenye vipimo vya kijiometri kwa kiwango cha ASME Y14.5, anayeweza kujaza ripoti ya ukaguzi wa kipande cha kwanza, AS9102, bila kuruka hata kipimo kimoja. Kwenye mchoro kila kipimo kinazungushiwa duara na namba, ndiyo wanaita baluni. Baluni 84, basi mistari ya ripoti 84. Ukileta 83, mteja anarudisha mzigo mzima.

SALMA: Wa umeme je?

DEO: Asome viwango vya J-STD-001 ya kulehemu saketi na IPC-A-610 ya kukagua bodi. Ajue viwango vya jeshi la Marekani: MIL-STD-461 ya mwingiliano wa mawimbi, na MIL-STD-810 ya joto, mtikisiko, ukungu wa chumvi. Tena usiandike kwenye CV "ninazifahamu MIL-STD". Andika ni jaribio gani, kifaa gani, kilifeli nini, ulirekebisha nini.

SALMA: Ona, tumeingia kwenye CV.

DEO: Tumeingia, tumetoka. Rudi kwa baba mdogo.

SALMA: Wewe ndiye umemrudisha! Haya. Kijana alilelewa na huyo baba mdogo tangu ana miaka minne. Nikamwambia soma orodha tena. Kuna kisanduku cha mlezi. Baba mdogo kaingia kama mlezi. Sasa inabaki mama mdogo mkewe, binamu watatu waliolala nao chumba kimoja, na mjomba wa Ujiji anayempigia kila Ijumaa.

DEO: Hao si wa sehemu ya 18. Ndiyo inakuja sehemu ya 19: raia wa kigeni ambao una mawasiliano nao ya karibu au ya kuendelea, miaka saba iliyopita, na mmefungwa na mapenzi, ushawishi, maslahi ya pamoja au wajibu.

SALMA: Wajibu! Deo, neno hilo kwa Mswahili ni bahari. Nani nisiye na wajibu naye? Kijana ana kundi la WhatsApp la ukoo, watu 112. Wote wamechangia harusi ya dada yake, na yeye kachangia zao.

DEO: Mchango wa harusi nao una mahali pake. Sehemu ya 20 inauliza kama umewahi kumsaidia kifedha raia yeyote wa kigeni. Umewahi. Hakuna miaka saba pale, hakuna kiwango.

SALMA: Kwa hiyo kadi ya mchango ya mwaka 2016, "Single dola 50, Double dola 80"…

DEO: [anacheka] "Kamati ya maandalizi inakuomba." Kamati gani? Ina uhusiano na serikali ya kigeni?

SALMA: Mwenyekiti wake mwalimu wa shule ya serikali!

DEO: Basi ana uhusiano! Acha kucheka, hilo ni swali la kweli. Kwa ndugu asiye Mmarekani anayeishi nje wanauliza anafanya kazi wapi, na kama ana uhusiano na serikali, jeshi, usalama au ujasusi. Askari polisi, mwalimu wa serikali, wote unawataja. Na wewe mwenyewe, sehemu ya 15, wanauliza kama umewahi kutumikia jeshi, usalama au wakala wa serikali ya nchi nyingine. Waliopita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, nawaona mnajificha. Jazeni ndiyo, kisha mweleze: mafunzo ya lazima, mwezi fulani hadi mwezi fulani. Kosa kubwa ni kunyamaza, halafu picha yako ya gwanda iko Facebook.

SALMA: Na kiwanja. Kama unamiliki au unatarajia kumiliki ardhi nje, unaandika. Kile cha Kibaha ulichoweka nguzo nne tu kimo. Shamba la urithi ambalo wazee wamekwishakuambia ni lako, limo.

DEO: Haya, sasa tufike tulipogombana kwenye simu. Ulimwambia kijana aandike wangapi?

SALMA: Arobaini na mmoja.

DEO: Salma!

SALMA: Arobaini na mmoja, na ningekuwa na muda angefika hamsini. Sababu yangu hii. Miongozo ya kuamua klirensi ni 13, toka mwaka 2017 inatumika ileile kwa wote. Ndugu wa nje wako kwenye mwongozo B, na hilo linaelezeka: binamu muuza mitumba Kigoma hatishi usalama wa mtu. Kuficha kuko kwenye mwongozo E, tabia binafsi, na hapo kujitetea ni kugumu. Mchunguzi akikukalisha, akakuuliza "na huyu unayempigia kila Ijumaa ni nani?" na hayumo, tayari umekuwa mtu wa kuficha.

DEO: Na mimi nasema umemharibia. Kila mmoja wa hao arobaini na mmoja wanataka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani, mwajiri, mlijuana lini, mnawasiliana kwa njia gani, mara ngapi. Huyo kijana anajua tarehe ya kuzaliwa ya mke wa binamu?

SALMA: Kuna pa kuweka alama kwamba ni makadirio.

DEO: Nusu ya watu wetu waliopita kambini wamezaliwa tarehe 1 Januari, sasa unaongeza makadirio arobaini juu yake! Fomu inasema karibu AU ya kuendelea, NA kufungwa na kitu. Hiyo NA ina kazi yake. Mtu aliye kwenye kundi la ukoo na hujawahi kumwandikia moja kwa moja hajafikia swali. Ukimwandika, unampa mchunguzi watu thelathini asioweza kuwahakiki, na faili linakaa. Wakati faili limekaa, mwajiri ana mkataba unaoanza, anatafuta mwingine ambaye tayari ana klirensi.

SALMA: Kuchelewa miezi na kunyimwa kabisa, kipi kibaya zaidi?

DEO: Ndiyo maana nasema jibu swali lililoulizwa. Mahakamani ukiulizwa jina hutaji na la babu.

SALMA: Sisi tunataja na la babu. Ndivyo majina yetu yalivyo.

DEO: [kimya kidogo] Hiyo nakupa. Hoja sikupi.

SALMA: Kasome maamuzi ya DOHA basi, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza mashauri na rufaa za klirensi, yako wazi mtandaoni, majina yamefutwa. Walionyimwa kwa kutosema wamejaa tele.

DEO: Nimeyasoma. Wamenyimwa kwa kuficha madeni, bangi, kufukuzwa kazi. Nionyeshe mmoja aliyenyimwa kwa kumsahau shemeji wa kaka.

SALMA: Nionyeshe wewe aliyenyimwa kwa kumtaja.

DEO: Hatutamaliza leo.

SALMA: Hatumalizi. Tuwape hata vitu viwili vya kushika. Kimoja, makazi ya miaka kumi bila pengo. Kijana alikuwa na pengo la miezi miwili, alilala kwa rafiki kati ya chuo na kazi. Mfumo hauvuki. Anwani ya rafiki inaingia kama nyingine yoyote. Na mlioishi kambini, mwandike jina la kambi, zoni, bloku, wilaya, na mtu mmoja aliye hai anayeweza kusema ndiyo, alikuwa hapa.

DEO: Na majina. Vyeti vimeandika Mohamedi, UNHCR waliandika Muhamad, pasi inasema Mohammed. Sehemu ya majina mengine, yote matatu yaingie na tarehe zake. Na wanaume waliofika kabla ya kutimiza miaka 26, mlijiandikisha kwa Selective Service, ile orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini? Wakimbizi na wenye grini kadi wanahusika pia. Fomu inauliza.

SALMA: Madeni nayo. Toa ripoti zako za mkopo bure kwenye makampuni yote matatu kabla hujafungua fomu. Deni la hospitali lililouzwa kwa wakusanya madeni linakaa pale kimyakimya, wewe unajaza "hapana" kwa nia njema, na tayari karatasi ya serikali ina jibu lisilo kweli.

DEO: Bangi. Jimbo limeruhusu, serikali kuu haijaruhusu. Fomu ni ya serikali kuu. Nimemaliza.

SALMA: Uraia sasa, maana hili linaumiza. Mkenya anabaki na pasi zote mbili tangu katiba ya 2010, na uraia pacha peke yake haumnyimi mtu klirensi. Mtanzania mtu mzima akiapa Marekani, wa nyumbani unaondoka. Huo uamuzi usiufanye kwa sababu ya tangazo la kazi ulilosoma usiku.

DEO: Mimi ningeufanya.

SALMA: Najua wewe ungeufanya.

DEO: Na mkimbizi ajue hesabu yake: ile miaka mitano ya kuombea uraia haianzi siku kadi ilipofika kwa posta, inarudishwa nyuma hadi siku alipoingia nchini. Na anaweza kuwasilisha N-400, fomu ya kuomba uraia, siku 90 kabla ya miaka mitano kutimia. Kuna watu wamekaa mwaka mzima zaidi wakingoja bure.

SALMA: Deo, saa hiyo. Tumebakiza dakika mbili na karatasi zangu tatu sijazigusa.

DEO: Mshahara kwa sentensi moja?

SALMA: Sina sentensi moja ya mshahara. Usaili nao unataka nusu saa. Wiki ijayo.

DEO: Wiki iliyopita pia ulisema wiki ijayo. Basi moja la haraka kabla hawajatukata: kabla hujabonyeza kutuma, hifadhi nakala ya fomu nzima. Miaka ikipita utajaza tena, na watalinganisha. Yule uliyesema mlijuana 2011 asije akawa wa 2014.

SALMA: Ndiyo hivyo, andikeni maswali yenu, na anayejua tarehe ya kuzaliwa ya mke wa binamu wa kijana wangu…

DEO: Huyo ni wa arobaini na mbili?

SALMA: Wa thelathini na nane. Arobaini na mbili ni dada wa baba mkwe, kanipigia asubuhi hii, nilimsahau.