Kigeu hiki ni cha nani? Kukagua viraka vya ufuatiliaji wa miunganisho

Wenzangu, narudia lile lile kwa sababu viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, vinaendelea kuletwa na kosa lile lile. Ukikagua kiraka kinachogusa nf_conntrack, sehemu ya kerneli ya Linux inayofuatilia miunganisho ya mtandao, kila kigeu (mahali msimbo unapotunza thamani) kiulize: wewe ni wa nemspesi ipi, yaani wa mtandao upi kati ya ile iliyotengwa ndani ya mashine moja, kama ule wa kontena?

Chukueni kisa cha 2021. Kila nemspesi mpya ya mtandao hupewa nakala ya jedwali la mipangilio, kisha vielekezi (anwani za mahali data ilipo) vya nakala hiyo hugeuzwa vielekee kwenye data yake yenyewe. Vitatu havikugeuzwa: nf_conntrack_max, nf_conntrack_expect_max na nf_conntrack_buckets. Vilibaki vikielekea kwenye vigeu vya kerneli nzima. Basi mwenye ruhusa ndani ya kontena moja akishusha kikomo cha miunganisho, kimeshuka kwa mashine yote, na jirani asiyejua lolote anaona miunganisho yake mipya inakataliwa. Dawa ilikuwa ndogo mno: nje ya nemspesi ya mwanzo, ile ya mashine yenyewe, faili za mipangilio hiyo mitatu ziwe za kusomwa tu, ruhusa 0444. Lakini maelezo ya kiraka yanasema tatizo lilikuwapo tangu nemspesi za mtandao zilipoingia. Miaka yote hiyo watu makini waliusoma msimbo ule! Kosa lilikuwa katika mstari ambao hakuna aliyeuandika, na mstari wa namna hiyo huuoni mpaka uutafute.

Najua mtaniambia majaribio yamepita. Yamepita katika nemspesi ngapi? Fungueni mbili, zipeni anwani zile zile, 10.0.0.1 na 10.0.0.2, bandari zile zile, ndipo mpime. Tangu 2016 miunganisho ya nemspesi zote imo katika jedwali moja la heshi, linalopanga vitu kwa namba iliyokokotolewa kutoka ufunguo wake. Utafutaji ukisahau kulinganisha nemspesi, pakiti ya huyu inaangukia muunganisho wa yule. Tena hesabu ya miunganisho ni ya kila nemspesi, ila kikomo, katika kisa kile, kilikuwa cha wote. Kiraka kinachochanganya hivyo viwili nakirudisha.

Muda umekwisha, na ya vipima muda sitayafikia. Haraka tu: nafasi ya kumbukumbu ya muunganisho uliofutwa yaweza kupewa muunganisho wa nemspesi nyingine huku wewe bado unausoma chini ya RCU, utaratibu wa kerneli wa kusoma data bila kufuli. Ukishashika rejeo, yaani alama kwamba unautumia usifutwe, linganisha upya ufunguo wote, nemspesi ikiwamo. Na usafishaji wa nemspesi inayofungwa hurudia mpaka hesabu ifike sifuri. Vujisha rejeo moja, haifiki kamwe.